Naitreti kwenye visima vya Dodoma: vyoo vinasingiziwa?

#1 Mwamba Mgumu
Wakuu, salaam. Naitreti (chumvi ya naitrojeni) ikitajwa kwenye maji ya visima hapa Dodoma mjini, lawama yote inatupiwa vyoo vya shimo. Mimi sikubaliani. Kalahari, upande wa Botswana na Namibia, kuna maji ya chini ya ardhi yenye naitreti nyingi mahali ambapo huoni choo wala zizi. Nchi kavu, msimu mmoja wa mvua, migunga inayoingiza naitrojeni ya hewani ardhini kila upande. Inafanana na wapi?

Nabandika cheti cha kisima kimoja ndani ya jiji, kata naihifadhi. Kina mita 72, kesing inchi 6, maji yamesimama mita 12 kutoka juu, choo cha shimo kiko mita 25. Vipimo ni mg/L isipokuwa pH na EC (uwezo wa maji kupitisha umeme):

pH 7.4, EC 2,150 µS/cm
Kalsiamu 150, magnesiamu 60, sodiamu 200, potasiamu 6
Bikaboneti 380, kloraidi 330, salfeti 90, naitreti 31, floraidi 1.1

Naitreti 31, kiwango cha WHO ni 50. Choo mita 25 na maji yamepita. Wapenzi wa nadharia ya vyoo mna la kusema?

#2 Mpima Maji
Lipo. Kabla ya kushangilia, uliza hiyo 31 ni naitreti yenyewe au ni naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti. Maabara nyingi huandika naitrojeni bila kusema. Ikiwa ni naitrojeni, zidisha kwa 4.43, unapata naitreti 137, ya kulinganisha na 50. Au ukiiacha 31 kama naitrojeni, kiwango chako si 50 bali 11.3.

Cheti chenyewe kinaweza kukujibu ukikibana kwa penseli. Badili kila ayoni (chembe yenye chaji) kuwa meq/L, yaani hesabu ya chaji zake; jumla ya chanya na jumla ya hasi zinatakiwa zilingane. Chanya: kalsiamu 150 ÷ 20.04 = 7.49, magnesiamu 60 ÷ 12.15 = 4.94; sodiamu 200 ÷ 23 = 8.70, potasiamu 0.15. Jumla 21.28. Hasi: bikaboneti 380 ÷ 61 = 6.23, kloraidi 330 ÷ 35.45 = 9.31, salfeti 90 ÷ 48.03 = 1.87, floraidi 0.06. Hapo 17.47 kabla ya naitreti.

Sasa ipime kwa njia mbili. Kama 31 ni naitreti, 31 ÷ 62 = 0.50, hasi zinafika 17.97, na tofauti ya mizani (chanya toa hasi, gawa kwa jumla ya zote) ni asilimia 8.4. Kama ni naitrojeni, naitreti ni 137 ÷ 62 = 2.21, hasi zinafika 19.68, na tofauti inashuka hadi asilimia 3.9. Mstari unaokubalika ni asilimia 5. Isitoshe, EC ukiigawa kwa 100 inakaribia jumla ya meq za upande mmoja: 21.5, na chanya zako ni 21.28. Chanya ziko sawa, upungufu uko kwenye hasi.

Kwa hiyo maji yako hayajapita. Yamezidi kiwango karibu mara tatu.

#3 Itigi Line
Mleta uzi kaja na bunduki, kaondoka na kifutio 😂

#4 Mwamba Mgumu
Itigi Line cheka tu. Mpima Maji, mizani haisemi naitreti imetoka wapi. Tena hiyo asilimia 3.9 iliyobaki imekaa upande uleule wa hasi. Inaonyesha kuna kitu kingine kimekosekana.

#5 Mpima Maji
Kimekosekana bikaboneti, na sababu yake ni ya kawaida. Maji yakitoka chini yana gesi ya kaboni nyingi. Ukiyabeba kwenye chupa hadi maabara, gesi inatoka, pH inapanda, na chokaa kidogo inaganda kwenye kuta za chupa. Kalsiamu imepimwa kutoka chupa iliyotiwa tindikali, haikupotea. Bikaboneti imepimwa kutoka chupa isiyo na tindikali, imepungua. Ndiyo maana wanaojua huipima palepale kisimani kwa tone la tindikali, wala hawasubiri kesho.

#6 Kinyasungwe
Nirudi kwenye hoja ya vyoo, kwa hesabu. Chukua mtaa wa watu 100 kwa hekta. Mtu mmoja, kutegemea mlo, hutoa naitrojeni kilo 2.5 hadi 4 kwa mwaka, nyingi ikiwa kwenye mkojo. Shika 3. Hizo ni kilo 300 kwa hekta. Maji ya mvua yanayopenya hadi kwenye tabaka la maji tuseme ni milimita 20 kwa mwaka, yaani mita za ujazo 200 kwa hekta. Gawanya: mg 1,500 kwa lita. Ili ufike 31 unahitaji asilimia 2 tu ya naitrojeni hiyo ishuke chini. Sasa mgunga gani utashindana na hapo?

#7 Mbuga Nyeusi
Kinyasungwe hesabu nzuri, lakini umeweka maji kama mshahara, kila mwaka milimita 20. Bonde la Makutupora, penye visima vinavyolisha Dodoma, haliendi hivyo. Rekodi ya kina cha maji pale inaanzia miaka ya 1950, na inaonyesha maji ya ardhini hupanda kwa kweli katika misimu michache tu yenye mvua zilizopita kawaida, ule wa El Niño wa 1997/98 ukiwa mfano mkubwa. Katikati ya hapo ni kushuka tu. Maana yake naitrojeni inakaa kwenye udongo mkavu juu ya maji, inajilimbikiza, halafu msimu mmoja inasukumwa yote chini kwa pamoja. Kisima kilekile ukikipima mwaka mkavu na ukakipima baada ya mafuriko utapata namba mbili ambazo hazifahamiani.

La pili: ndani ya choo hakuna naitreti. Kuna amoniamu. Inageuka naitreti ikishatoka kwenye tope na kukutana na hewa ardhini. Kwenye udongo mwekundu wa kichanga juu ya graniti iliyooza, hewa ipo, inageuka vizuri na kushuka. Kwenye mbuga, udongo mweusi ukilowa unabana, hewa inaisha, na bakteria wanaivunja naitreti kuwa gesi ya naitrojeni. Ila kiangazi mbuga inapasuka nyufa ambazo mkono unazama, mvua ya kwanza inapita humo bila kuchujwa. Ndiyo sababu mita 25 au mita 50 peke yake haina maana.

#8 Chuguu
Mnazungumza watu tu. Dodoma kabla ya kuwa makao makuu ilikuwa nchi ya ng'ombe. Maboma yamehamahama kwa vizazi. Zizi la zamani likishahamishwa linabaki na tabaka la samadi, halina mti, halina mazao ya kunyonya naitrojeni, na mvua inapiga moja kwa moja. Botswana wamelisema hili zamani: visima vya kunyweshea mifugo vinachafuliwa na mifugo yenyewe, kwa sababu mabirika yako mdomoni mwa kisima. Viwanja vingi mnavyojenga leo vilikuwa mazizi, ila ramani ya mipango miji haionyeshi zizi.

Halafu kuna vichuguu. Australia ya kati watafiti wameihusisha naitreti ya maji ya ardhini na mchwa, kwa sababu ndani ya kichuguu naitrojeni inajikusanya na hakuna mzizi wa kuichukua. Msinicheke kwa jina langu.

#9 Itigi Line
Hatucheki jina, tunacheka kwamba mchwa nao wameshtakiwa.

#10 Bi Zabibu
Mmesahau kufyeka. Kusini-magharibi mwa Niger naitreti ilipanda baada ya vichaka kukatwa na kuwa mashamba, bila mbolea ya dukani na bila miji. Ukikata msitu, viumbe vya udongoni vinavunja masalia yaliyobaki, naitrojeni inaachiwa, na mizizi iliyokuwa inakunywa maji imeondoka, kwa hiyo maji mengi zaidi yanashuka nayo. Tangu serikali itangaze 2016 kuhamia Dodoma, vichaka vimefyekwa kwa kasi. Hiyo nayo ni chanzo, na kwenye cheti inaonekana sawa kabisa na choo.

#11 Mwamba Mgumu
Asante Chuguu na Bi Zabibu. Sasa tumeanza kuongea. Jibu la mwisho liko kwenye isotopi, yaani kiasi cha naitrojeni 15, ile nzito. Wapime, tumalize.

#12 Tone la Mwisho
Haitamaliza, mkuu. Ukiipima dhidi ya naitrojeni ya hewani, mbolea ya viwandani inakaa karibu na sifuri, kati ya −4 na +4 kwa elfu. Naitrojeni ya udongo wenyewe ni kama +4 hadi +8. Samadi na vyoo ni kuanzia +8 hivi hadi +20. Kwa hiyo:

Kwanza, choo na zizi vinaangukia kapu moja. Mgogoro wa Kinyasungwe na Chuguu unabaki palepale.

Pili, maji yakikosa hewa na bakteria wakala naitreti, wanaanza na ile nyepesi, inayobaki inakuwa nzito. Naitreti ya udongo inaweza kupanda ikaonekana kama ya choo. Dawa yake ni kupima na oksijeni 18 ya naitreti hiyohiyo. Uvunjaji ukiwepo, zote mbili zinapanda pamoja, naitrojeni kama mara mbili ya oksijeni. Usiagize kipimo kimoja ukaacha cha pili.

Tatu, sampuli. Chuja kwa kichujio cha mikroni 0.2, jaza chupa ya mililita 60 hadi robo tatu tu maana barafu inatanuka, gandisha siku hiyohiyo. Umeme ukikatika usiku na friza ikayeyuka, bakteria waliopona wanaendelea kula na unachopima ni historia ya friza.

#13 Mkata Kiu
Ongezea na jinsi ya kuchota. Nusu ya ubishi wa maji Tanzania unaanzia kwenye bomba la simtank. Sampuli ya simtank ni maji yaliyopigwa jua, yametoa gesi, yameota mwani, na mwani unakula naitreti.

Kwa kisima cha #1: maji mita 72 − 12 = mita 60. Kesing ya milimita 150 inabeba lita 17.7 kwa kila mita, kwa hiyo kuna lita 1,060 zimesimama. Kanuni ni kutoa mara tatu, kama lita 3,180. Pampu ya mita za ujazo 2 kwa saa itakuchukua saa moja na dakika 35. Kisima kinachotumika kila siku hakihitaji yote hayo. Endesha hadi EC, pH na joto vitulie katika vipimo vitatu vya kupishana dakika tano, kisha chota kwenye tawi la bomba kabla ya tangi.

Chupa ni hizi. Ya chanya na metali: chuja mikroni 0.45, tia tindikali ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ya hasi: chuja, usitie kitu, jaza hadi mdomoni, weka kwenye barafu nyuzi 4. Chujia kisimani, usisubiri maabara: chuma iliyoyeyuka ikikutana na hewa inaganda na kushika risasi na aseniki, nawe utaandika kwamba hazipo.

#14 Mpima Maji
Nakazia ya chupa. Kuna watu wanatia tindikali ya nitriki kwenye chupa zote "ili zisiharibike", kisha wanapima naitreti. Nitriki ndiyo naitreti. Cheti kinasoma maelfu na mtaa mzima unaingia hofu. Ukitaka kuhifadhi chupa ya naitreti kwa tindikali, tumia ya salfuriki, na hapo usipime salfeti kwenye chupa hiyo.

#15 Kinyasungwe
Mwamba, tuangalie kloraidi 330. Mkojo una chumvi. Choo kikivuja, naitreti na kloraidi vinashuka pamoja. Kwenye naitreti ya mgunga kloraidi isingefuata.

#16 Bi Zabibu
Kinyasungwe hapo unateleza. Dodoma kloraidi ina mlango mwingine. Mvua ni kama milimita 550 hadi 600, jua linanyonya karibu yote, chumvi ndogo iliyokuja na mvua inabaki ardhini na kujilimbikiza. Maji ya chumvi hapa yalikuwepo kabla ya choo chochote cha mji. Linganisha kloraidi na bromaidi. Uwiano ukiwa karibu na wa bahari, kama 290 kwa uzito, na kloraidi ni nyingi, unaona ukaukaji wa maji ya mvua. Mchango wa chumvi ya mezani unausukuma uwiano juu, maana chumvi hiyo haina bromaidi nyingi.

#17 Tone la Mwisho
Na bromaidi ipimwe kwa kifaa chenye uwezo. Kama kloraidi ni 330, bromaidi inaweza kuwa mg 1 au pungufu. Kwenye kromatografia ya ayoni (mashine inayotenganisha ayoni na kuchora kila moja kama mlima), mlima wa naitreti unaweza kuufunika mlima wa bromaidi, maana vinatoka karibu karibu. Maji yenye naitreti 137 ndiyo hasa yatakudanganya. Punguza ukali wa sampuli, au badili safu ya kutenganishia.

#18 Mkata Kiu
Kuna njia nyingine ya kumtenga binadamu na ng'ombe: dawa. Karbamazepini, ya kifafa, haivunjiki haraka ardhini na ng'ombe hapewi. Sulfamethoxazole, ile iliyomo kwenye Septrin, imetumika sana nchini. Ukiikuta kisimani, choo kimo.

#19 Chuguu
Dawa za jamii ya salfa wafugaji nao wanazitumia. Mara nyingi si hiyohiyo, lakini maabara isiyotenganisha vizuri itakuandikia "salfa" na utamfunga jirani bure.

#20 Mkata Kiu
Ndiyo maana nimeanza na karbamazepini, soma vizuri mzee wa mchwa. Na kukosekana kwake hakuthibitishi kitu. Inaweza kuwa mtaani hakuna anayeimeza.

#21 Nyanya Chungu
Habari wadau. Swali nje kidogo: maji kama ya #1 nikimwagilia mchicha, kuna shida?

#22 Bi Zabibu
Dada, ni mbolea na sumu ya udongo kwa pamoja. Maji yana gramu 31 za naitrojeni kwa mita ya ujazo. Msimu ukimwagilia milimita 500, ni mita za ujazo 5,000 kwa hekta, yaani kilo 155 za naitrojeni. Yurea ina asilimia 46, kwa hiyo umeshaweka sawa na kilo 337, karibu mifuko saba ya kilo 50, bila kununua. Ukiongeza yurea juu ya hapo, mchicha utajaza naitreti kwenye majani. Jamii hiyo huweza kubeba maelfu ya miligramu kwa kilo mbichi. Vuna jioni, siyo alfajiri, jua likishaisaidia mimea kuitumia.

Upande wa chumvi, EC 2,150 ni 2.15 kwa dS/m. Kwa vipimo vya FAO, zabibu inaanza kupoteza mavuno maji yakizidi 1.0 hivi, mtama unavumilia hadi 4.5. Dalili kwa zabibu ni kingo za majani kuungua, na watu wanapuliza dawa ya ukungu kwa ugonjwa ambao ni chumvi.

#23 Mbuga Nyeusi
Na hiyo dawa ya ukungu ni shaba. Ukiweka kilo 2 za shaba kwa hekta kila mwaka, haiendi popote. Sentimita 20 za juu za udongo wa uzito 1.3 ni kilo milioni 2.6 kwa hekta, kwa hiyo unaongeza mg 0.77 kwa kilo kila mwaka. Miaka 20, mg 15. Si balaa kwenye udongo wa pH 7, ila ikizidi kujilimbikiza minyoo ya udongo itaanza kuona. Sampuli ya shamba la zabibu ichukuliwe kwenye mstari wa mizabibu na katikati ya mistari, kila moja peke yake. Ukichanganya unapata wastani wa sehemu ambayo haipo.

#24 Nyanya Chungu
Asante. Na mchicha wa kando ya barabara wanaosema una risasi?

#25 Tone la Mwisho
Kabla ya kukubali, uliza ulioshwa vipi. Risasi haipandi kirahisi kutoka mzizi hadi jani. Kadmiamu ndiyo inapanda. Risasi nyingi kwenye jani mara nyingi ni vumbi. Kipimo ni kupima na alumini au titani kwenye sampuli hiyohiyo. Zikiwa juu, umepima udongo uliokaa juu ya jani.

Utaratibu: osha maji ya bomba, suuza mara tatu kwa maji yaliyosafishwa, kausha nyuzi 60 hadi 65 kwa saa 48. Usipandishe 105 kama unatafuta zebaki, itapaa. Saga kwa kinu cha akiki (jiwe gumu), siyo cha chuma cha pua, kinaongeza kromi na nikeli. Pima gramu 0.5, tia nitriki na haidrojeni peroksaidi, na uweke chupa yenye tindikali bila mboga, na sampuli rejea (ambayo namba zake zinajulikana), katika kila kundi. Bila sampuli rejea hiyo namba ni maoni tu.

Ila kama lengo ni afya, pima pia mchicha ulivyooshwa jikoni. Mlaji haoshi mara tatu kwa maji ya maabara.

#26 Itigi Line
Nimeona mahali "risasi 2.4, kikomo 0.3, mara nane!" Ni kweli?

#27 Mpima Maji
Hiyo 0.3 mg/kg ya Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa mboga za majani ni ya mboga mbichi. Namba ya 2.4 karibu hakika ni ya mboga kavu. Mchicha ni maji asilimia 85 hadi 90. Kwa 90, zidisha kwa 0.1, unapata 0.24. Umepita, kwa kunusa. Kwa 85 unapata 0.36, umefeli. Kwa hiyo unyevu lazima upimwe, siyo kukisiwa. Kadmiamu kikomo ni 0.2, nayo ya mbichi.

#28 Chuguu
Kadmiamu na maji ya chumvi ni ndugu. Kloraidi inaishika kadmiamu na kuitoa kwenye chembe za udongo, mmea unaipata kirahisi hata kama udongo wenyewe si mchafu. Kwa hiyo maji ya kloraidi 330 kwenye alizeti si wazo zuri, maana alizeti huikusanya hadi kwenye mbegu. Mafuta yanatoka karibu safi, kadmiamu inabaki kwenye mashudu. Anayelisha kuku mashudu asome hapa mara mbili.

#29 Singida Kusini
Mnajadili naitreti, huku kwetu shida ni floraidi. Hicho kisima cha #1 kina 1.1 tu. Kwa nini Dodoma mna bahati?

#30 Mbuga Nyeusi
Kalsiamu. Floraidi ikikutana na kalsiamu nyingi inaganda kama floraiti. Kwa kalsiamu 150, hesabu ya haraka kwa kigezo cha umumunyifu cha 10 kipeo −10.6 inaipa floraidi kikomo cha kama mg 1.6 kwa lita. Maji yenu yana sodiamu na bikaboneti nyingi, kalsiamu imeganda kama chokaa, pH iko juu, floraidi haina wa kuizuia.

#31 Mpima Maji
1.6 ni bila kuhesabu kwamba ayoni zinakingana ndani ya maji ya chumvi. Kwa maji haya nguvu ya ayoni ni 0.028, ukiirekebisha kikomo kinafika kama 2.5. Bado kiko juu ya 1.5 inayotakiwa. Kwa hiyo kalsiamu 150 haikuhakikishii usalama, usije ukamwambia mtu asipime.

#32 Singida Kusini
Na mkumbuke 1974 kikomo cha mpito cha floraidi cha nchi kwa vijijini kilikuwa mg 8 kwa lita. Baadaye 4. Maji yaleyale, mwaka huu safi mwaka ule machafu.

#33 Itigi Line
Na urani ya Bahi je? Inaingia bwawa la Hombolo?

#34 Kinyasungwe
Hapana. Bahi inapokea mto Bubu, na maji yake yanaishia bwawani pale, ni Bonde la Kati, hayana njia ya kwenda baharini. Hombolo, bwawa la 1957, liko kwenye mto Kinyasungwe Ndogo, unaokwenda mto Wami. Angalia ramani ya mabonde kabla ya kuchanganya watu hofu. Urani ya Bahi na Manyoni imo kwenye tabaka la chokaa la juu, chini ya tambarare hizo, na inapimwa kwa wanaochimba visima huko huko.

#35 Tone la Mwisho
Ila naitreti inahusika na urani kwa mlango wa kemia. Urani iliyotulia ardhini iko katika hali isiyoyeyuka. Naitreti ni kioksidishaji. Bakteria wakiitumia, urani inageuka na kuyeyuka, halafu bikaboneti na kalsiamu zinaishika isigande tena. Maji ya graniti yenye bikaboneti 380 na naitreti 137 ni ya kupimwa urani hata ukiwa Dodoma mjini, na kikomo cha WHO ni mikrogramu 30 kwa lita. Chupa ni ileile ya metali, bei inaongezeka kidogo tu.

#36 Nyanya Chungu
Basi nichemshe?

#37 Mkata Kiu
Usichemshe kwa ajili ya naitreti, maji yanapungua na naitreti inabaki, inakuwa kali zaidi. Chemsha kwa vijidudu tu. Mkaa, mchanga, dawa ya klorini, vyote havigusi. Kinachoondoa ni mashine ya osmosi ya kinyume au resini ya kubadilishana ayoni, na resini ya kawaida inaipenda salfeti kwanza. Ikishajaa salfeti inaitema naitreti yote kwa mkupuo. Anayeiuza akuambie inaoshwa lini na kwa chumvi kiasi gani. Uji na maziwa ya mtoto chini ya miezi sita yasipikwe kwa maji hayo kabisa. Tumia maji ya bomba yaliyopimwa, au ya mvua kutoka bati lililokwisha kusuuzwa na mvua ya kwanza.

#38 Mwamba Mgumu
Uzi umekwenda Bahi, umerudi na mashudu. Nabaki na hoja yangu: hakuna aliyeonyesha kisima cha kulinganisha, kile kilichoko nje ya mji, mwamba uleule, hakina choo wala boma. Bila hicho hesabu ya mkojo ya Kinyasungwe ni hesabu tu.

#39 Kinyasungwe
Nawe huna kisima cha mgunga. Hicho cha kulinganisha kiwe juu ya mkondo wa maji ya ardhini, siyo tu nje ya mji, na kisiwe kwenye ufa wa mwamba kama ule wa Makutupora ambako maji yanakuja kwa njia yake.

#40 Chuguu
Na mhakikishe hapakuwa na zizi. Waulize wazee wa kijiji, siyo ramani.

#41 Tone la Mwisho
Mkichota, kwenye udongo pia. Chimba shimo kwa mkono hadi mita 3, sampuli kila sentimita 25, chini ya mgunga, kwenye zizi la zamani, kando ya choo, na palipofyekwa. Gramu 20 za udongo na mililita 100 za maji safi, tikisa saa moja, chuja, pima naitreti na kloraidi. Ziweke kwenye barafu toka shambani, udongo wenye unyevu unaendelea kutengeneza naitreti ndani ya mfuko.

#42 Itigi Line
Mita 3 kwenye udongo mwekundu wa Septemba? Mleta uzi ndiye ashike nyundo.